Ukoo wa Babu: ya Jumamosi

Shangazi Mkubwa: Asalaam aleikum. Jumamosi saa 10 jioni, kwa Babu. Tunu atatueleza kiini cha atomi kilivyogunduliwa, Jumatatu anasimama mbele ya darasa. Nataka gololi 20 na meza pana. Nani analeta nini?

Shangazi Mkubwa: Naona mmesoma watu 14.

Baba Tunu: Waaleikum salaam. Samaki juu yangu.

Shangazi Mkubwa: Samaki si gololi.

Tunu: Shikamooni. Tunaficha kitu chini ya ubao, tunasukuma gololi bila kuchungulia, tunaangalia zinatokea wapi. Wanasayansi Geiger na Marsden walifanya hivyo Manchester 1909: walirusha chembe za alfa kwenye utando wa dhahabu. Karibu zote zilipenya, chache mno zikarudi zilikotoka. Thomson, aliyegundua elektroni 1897, alidhani atomi ni kama keki na elektroni ndiyo zabibu. Sasa keki itarudishaje alfa?

Mjomba Kassimu: Ile ya Mama Tunu ya Idi ingerudisha zote 😂😂

Mama Tunu: Na ulikula vipande vinne.

Binti Mkwe: 😂😂😂

Shangazi Mkubwa: Jamani, MEZA.

Mama Tunu: Meza pana ipo moja tu, ya marehemu Bibi. Aulizwe Kassimu.

Mjomba Kassimu: Tumeanza tena. Niliichukua kuitengeneza mguu.

Mama Tunu: Mwaka wa ngapi huu?

Babu: Nimesoma yote. Tunu, ile hesabu ya chembe 1 kurudi katika kila 8,000 ilikuwa ya utando wa platinamu, usije ukasema dhahabu. Marsden alikuwa mwanafunzi wa miaka 20. Walikaa gizani kwanza mpaka macho yazoee, ndipo wakahesabu kwa hadubini vimeta hafifu kwenye kioo chenye salfidi ya zinki, kimoja kimoja. Rutherford, mkuu wao, hakukurupuka, kiini, yaani kitu kidogo kizito katikati ya atomi, alikitangaza 1911. Eleza hilo giza, mjukuu wangu. Na meza ya mama yenu irudi nyumbani kwake.

Tunu: Maneno hayo nimeyaandika daftarini, Babu. Ahsante.

Mjomba Kassimu: Nimesikia, baba. Ila haiingii kwenye bajaji.

Shangazi Mkubwa: Tafuta kirikuu.

Kaka wa Maskati: Ndiyo natoka kazini. Mnipigie video. Alfa ndiyo nini?

Tunu: Kiini cha heliamu, kaka. Kina protoni 2 na nyutroni 2. Wao 1909 nyutroni hawakuijua, Chadwick aliipata 1932.

Shangazi Mkubwa: Kassimu, kirikuu umepata? Na gololi bado hakuna aliyejibu.