Mjadala: Je, vifaa ghali vya sauti ya dijitali vina thamani ya bei yake?

Mtoa hoja, Area D, Dodoma: Ndugu zangu wapenda muziki, kigeuzi, yaani kifaa kinachopokea tarakimu kutoka kwenye kompyuta na kuzifanya sauti ya kupeleka kwenye amplifaya, sasa kinauzwa hadi kwa bei ya gari. Mimi natetea bei hiyo. Nikicheza rekodi za hayati Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kwa kifaa cha namna hiyo, kila uzi wa zeze husikika peke yake.

Mchangiaji, Nkuhungu: Ndugu mtoa hoja, sibishi kwamba unasikia tofauti, ila nina shaka na chanzo chake. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kwa mujibu wa hesabu, vipimo hivyo hutosha kurejesha kila mtetemo ulio chini ya 22,050 kwa sekunde, ilhali sikio la kijana mwenye afya huishia karibu 20,000, na letu sisi watu wazima chini ya hapo. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji hawakujua ni wakati gani rekodi ya kiwango cha juu, yaani yenye maelezo mengi ya sauti kuliko CD, ilikuwa imeshushwa hadi kiwango cha CD; katika majaribio 554 walipatia asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu. Isitoshe, kifaa kinachotoa sauti kubwa kwa kiasi kidogo tu huonekana bora, kwa hiyo anayelinganisha hana budi kusawazisha sauti kwa kipimo, na mtu mwingine ndiye abadilishe vifaa bila yeye kuona.

Sasa tazama sebule zetu za Dodoma: marumaru sakafuni, jipsamu darini, madirisha mapana ya aluminiamu. Piga kofi moja katikati ya sebule hiyo usikie mlio unavyozunguka ukutani kabla ya kufa. Ilimba, ile ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, itavurugika humo hata ukitumia kigeuzi cha mamilioni. Zulia nene, mapazia mazito na spika zilizoondolewa kwenye kona hubadilisha sauti waziwazi, na fedha inayobaki heri iende kwenye spika zenyewe.

Mchangiaji, Kikuyu: Kuhusu sebule nakuunga mkono, lakini jaribio moja halimalizi shauri. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha majaribio kadhaa ya namna hiyo akakuta wasikilizaji walipatia asilimia 52.3, na waliopewa mafunzo kwanza walifanya vizuri zaidi.

Mchangiaji, Nkuhungu: Nayajua, na siyapuuzi. Ila huo nao, kama ule wa 2007, ni utafiti wa kiwango cha rekodi, si wa bei ya kifaa, na rekodi za kiwango cha juu huchezwa vizuri na vigeuzi vya bei ya kawaida.

Mtoa hoja, Area D: Zulia nitanunua. Lakini hakuna aliyegusa uimara: kifaa ghali hufunguka kwa bisibisi na kutengenezeka, ilhali hivyo vya bei ya chini umeme ukivichoma ni vya kutupa.