Naomba ushauri: gitaa la marehemu baba, shingo imepinda

Wakuu, shikamooni. Niko Dodoma, Majengo. Baba aliniachia gitaa la umeme la solo lisilo na jina la kampuni. Alilichonga seremala rafiki yake miaka ya 80, enzi wanapiga dansi: bodi ya mninga, ubao wa vidole wa mpingo, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za gitaa jingine lililovunjika. Zito kama jiwe la kusagia!

Ukame wa huku umekausha mbao, shingo imepinda, nyuzi ziko juu mno. Fundi mmoja anataka aweke shingo mpya. Mimi sitaki, hapo ndipo vidole vya mzee vilipopita. Shida, sioni tundu la kukazia chuma cha ndani ya shingo, kile cha kuinyoosha, nahisi hakikuwekwa. Shingo ya hivyo inanyooshwaje? Na pikapu iliyokufa, koili yake inasukwa upya?