Hivi kumaliza mradi kabla ya muda siku hizi ni kosa?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tumemaliza jengo la watu wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mkataba. Hatukuruka hatua, hatukupunja saruji, hatukuiba nondo. Fremu za madirisha ziliagizwa tukiwa bado tunamwaga zege la chini. Mafundi bomba na mafundi umeme walipangiwa vyumba ili wasikanyagane. Na kila jioni fomeni alikuwa anawauliza viongozi wa timu swali moja: kesho asubuhi nani atakaa bure akimsubiri mwenzake? Basi, hakuna uchawi mwingine. Anayeijua saiti anajua siku nyingi haziliwi na kazi, zinaliwa na kusubiriana.

Nikaandika barua ya kukabidhi. Jibu likaja kwamba mteja hayuko tayari kupokea. Transfoma haijafungwa, samani zinakuja kwa ratiba ile ile ya mwanzo, na malipo ya mwisho yamewekwa kwenye bajeti ya robo ijayo ya mwaka. Kwa hiyo jengo limefungwa kufuli, na mlinzi analipwa na nani? Na mimi. Bima juu yangu. Bomba likipasuka usiku, langu. Mikataba mingi ya ujenzi ndivyo ilivyo: kazi inabaki mikononi mwa mkandarasi mpaka hati ya makabidhiano itoke. Masharti ya FIDIC ya 1999, yaani mkataba wa mfano wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yanampa mhandisi siku 28 tangu apokee ombi lako, atoe hati au akukatalie na kueleza sababu. Wa kwangu nina hakika atazitumia zote, halafu siku ya mwisho atakumbuka kuuliza jambo.

Huyo mhandisi mshauri ndiye aliyenichefua zaidi. Siku ya ukaguzi nilimwekea mezani majibu ya maabara ya vipande vya zege vilivyopimwa nguvu vikiwa na siku 28, vyote vimefaulu. Hakuyafungua. Akaenda moja kwa moja ukutani, akaingiza ukucha chini ya kifuniko cha swichi, akabandua kiganda cha rangi kama cha ukubwa wa shilingi, akageuka kwa wenzake: "Ndiyo mambo ya haraka haraka haya." Mzee, rangi ikibanduka chini ya swichi kwenye mradi uliochelewa, inaandikwa kwenye orodha ya marekebisho na fundi mmoja anaimaliza kabla ya chai. Kwenye mradi uliowahi, imekuwa ushahidi.

Hayo yote ningemeza. Lililonileta hapa ni kikao cha mradi wa pili, mteja yule yule. Tumepeleka ratiba, jamaa wa manunuzi anatabasamu: "Ninyi ile ya kwanza mliwahi, ina maana mlijipa muda mwingi. Hii tunaupunguza." Faini ya kuchelewa kwa kila siku haikuguswa, iko pale pale. Siku nilizoweka kwa ajili ya mvua, mzigo kukwama bandarini au mashine kufa, zimekuwa zake, na hakuzilipia. Ningeburuza miguu hadi wiki ya mwisho ningeitwa mkandarasi makini anayejua kukadiria.

Halafu watu wanashangaa kwa nini kazi zinavutwa. Mwingereza Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka ikajaza muda uliotengewa, na mameneja wanapenda sana kumnukuu ili watusute kwa uvivu. Mimi nawauliza, huo utanukaji umefundishwa na nani? Fundi aliyemaliza Jumatano na kuripoti Ijumaa si mvivu. Alishawahi kuripoti Jumatano, akaongezewa kazi ya mwenzake aliyezembea, bila hata senti. Eliyahu Goldratt, mwandishi wa vitabu vya usimamizi, naye alilisema mwaka 1997: hatua moja ikichelewa, inayofuata inaurithi ucheleweshaji huo wote, lakini ikiwahi, ule uwahi unayeyuka njiani kwa sababu anayepokea hakujiandaa. Jengo langu lenye kufuli ndilo hilo hilo.

Najua atakuja mtu kuniambia kasi inaua. Ndugu yangu, kwenye hilo sibishani nawe. Tarehe 27 Aprili 1978, Willow Island kule West Virginia, Marekani, jukwaa la mafundi lililokuwa limeshikizwa kwenye zege la mnara lililomwagwa siku moja tu kabla liling'oka, wakafa watu 51. Zege lilikuwa halijakomaa kubeba ule mzigo. Zege la kawaida kwa siku 7 linakuwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu yake ya siku 28, na baridi inalirudisha nyuma zaidi. Hapo hata mteja apige magoti, hufungui mbao zinazolishikilia zege. Ila kuiba siku kwenye ukomavu wa zege ni kitu kimoja, na kuondoa siku ambazo watu walikuwa wamekaa kwenye kivuli wakisubiri fremu ni kitu kingine kabisa. Asiyeweza kutofautisha hayo mawili asipewe muhuri wa kukagua.

Na msiniambie haiwezekani kulipana vizuri. Januari 1994 tetemeko la Northridge lilivunja madaraja ya barabara kuu ya Santa Monica, Los Angeles. Kampuni ya C.C. Myers ikapewa siku 140. Ukichelewa, dola 200,000 kwa siku zinakatwa, ukiwahi, dola 200,000 kwa siku unaongezewa. Wakapiga kazi usiku na mchana, wakamaliza siku 74 mapema, wakaondoka na bonasi ya dola milioni 14.8. Jamaa hakuwa malaika, alikuwa amelipwa. Na magari yalikuwa yanaisubiri ile barabara, kila siku ya ziada ilikuwa hasara kwa mji mzima, kwa hiyo hakuna aliyemwambia akae na daraja lake mpaka robo ijayo.

Sasa mkataba wa mradi wa pili uko mezani, sijasaini. Nataka viingie vitu viwili: bonasi kwa kila siku ya kuwahi kwa kiwango kile kile cha faini, na mteja akishindwa kupokea kazi iliyokamilika, ulinzi na bima viwe juu yake kuanzia siku ya barua yangu. Mwanasheria wao anasema hajawahi kuona kipengele kama hicho.

Wadau mliowahi kukipitisha, kiwekeni hapa neno kwa neno nikampelekee. Wewe unayekuja kuandika "pole mkuu, Mungu anaona", pita kushoto.