Swali fupi ndani ya programu: nitajuaje kama tangazo limekumbukwa?

Oda_Chapu: Wakuu, programu yetu ya kuagiza chakula inaonyesha tangazo la juisi. Mteja anataka kujua kama linakumbukwa. Niulizeje, na majibu mangapi yatatosha?

Takwimu_Tu: Kabla tangazo halijaanza, tenga kwa bahati nasibu kundi ambalo halitaonyeshwa kabisa. Makundi yote yaulizwe: "Siku hizi 2, umeona tangazo la juisi ipi kati ya hizi?" Weka chapa 4 zinazobadilishana nafasi, na "Sijaona hata moja" ibaki chini. Usiulize "Umeona tangazo letu?" Watu watakubali kwa uungwana tu. Hata kundi lililotengwa watakuwepo wanaodai wameliona, ndiyo maana unapima tofauti ya makundi mawili, si asilimia moja. Wakiitaja chapa ya mteja asilimia 30 kwenye kundi lililotengwa, kunasa ongezeko la pointi 5 (yaani kufika asilimia 35) kunahitaji majibu kama 1,400 kila kundi. Ukiwa na 400, usimpelekee mteja habari ya ushindi.

Kitufe: Naongezea muda. Subiri saa 24 baada ya tangazo. Kwa waliotengwa, hesabu tangu pale ambapo lingetokea. Swali litoke oda ikishakamilika, kamwe si kwenye malipo: mtu anayeingiza namba ya siri atabonyeza chochote limwondokee. Majibu ya chini ya sekunde 1 yatupe.

Oda_Chapu: Na asiyejibu?

Kitufe: Mwache, usimrudie kwa siku 30. Ila linganisha kiwango cha kujibu kwa makundi yote. Kikipishana sana, matokeo hayaaminiki.