Seva ya Linux imegoma kuwaka baada ya kuihamishia KVM, inaishia kwenye dracut

kebo_nyekundu: Wakuu, naomba msaada. Nina seva ya Rocky Linux 8 iliyokuwa kwenye mashine ya kawaida. Niliiwasha kwa flashi, nikanakili diski nzima kwa `dd`, nikaigeuza qcow2 (faili la diski pepe) kwa `qemu-img convert`, nikaiweka kwenye KVM (mfumo wa kuendesha mashine pepe) kama diski ya virtio (aina ya diski ya mashine pepe). Menyu ya GRUB (programu ya kuwashia mfumo) inakuja vizuri, nachagua kerneli, halafu kimya. Baadaye inamwaga `dracut-initqueue timeout` mfululizo, kisha `/dev/mapper/rl-root does not exist`, na kunitupa kwenye `dracut:/#`. Mashine ya zamani ipo, sijaifuta. Nianzie wapi?

jombi64: GRUB imeharibika hiyo. Ingia na ISO, piga `grub2-install`, maisha yaendelee.

mzee_wa_terminali: Hapana jombi. Ukiona `dracut:/#` ujue GRUB imeshamaliza kazi yake: kerneli imepakiwa na initramfs, ule mfumo mdogo wa muda unaotafuta diski, imefunguka. Kinachokosekana ni diski. Mkuu, hapo hapo ulipokwama andika `cat /proc/partitions` utuambie umeona nini.

kebo_nyekundu: Kichwa cha jedwali tu, chini hakuna kitu.

mzee_wa_terminali: Basi ndiyo hiyo. Rocky hutengeneza initramfs kwa mtindo wa hostonly, yaani dracut, chombo kinachoitengeneza, inabeba draiva za mashine iliyopo tu. Kule hakukuwa na virtio, kwa hiyo `virtio_blk` haikubebwa. Kerneli inazo hizo draiva, ila ziko `/lib/modules`, ndani ya diski ile ile ambayo kerneli haiwezi kuifungua. LVM, inayogawa diski kuwa sehemu kama rl-root, haina kosa. Haiwezi kuunganisha rl-root bila diski chini yake.

jombi64: Si abadilishe diski iwe SATA tu?

kebo_nyekundu: Nimejaribu, hali ile ile. Ya zamani ilikuwa na kadi ya RAID, draiva yake megaraid_sas.

mzee_wa_terminali: Ndiyo maana. Ujanja wa SATA unakubali pale initramfs ya zamani ilipokuwa na ahci, draiva ya SATA. Irudishe virtio, kisha kwenye menyu ya GRUB shuka hadi chini kabisa, chagua iliyoandikwa `0-rescue`. Initramfs yake haikutengenezwa kwa hostonly, imebeba draiva za kila aina. Ikiwaka, ingia kama root:

`dracut -f -N --regenerate-all`

Hiyo `-N` ndiyo inayozima hostonly. Usitumie `uname -r` kulenga kerneli: ile ya rescue kwa kawaida ni ya siku mfumo uliposakinishwa, utaishia kutengenezea toleo lisilo lako. Ukipitia ISO na chroot (kuingia ndani ya mfumo wako ukiwa kwenye ISO), mtego ni ule ule, `uname -r` inakupa kerneli ya ISO.

bi_mtandao: Nyongeza kwa watakaopita hapa. Kama hata GRUB huioni, angalia firmware kwanza. Mashine iliyokuwa UEFI inataka OVMF, firmware ya UEFI ya mashine pepe. Ukiiacha kwenye SeaBIOS (ile ya BIOS) haitawaka hata draiva zikiwa zote. Na orodha ya kuwashia iliyokuwa kwenye NVRAM (kumbukumbu ya firmware) haisafiri na diski, kwa hiyo huenda ukalazimika kuielekeza kwa mkono kwenye faili la .efi.

kebo_nyekundu: Rescue imewaka! Nimepiga dracut, nikarestati na kerneli ya kawaida, rl-root imepatikana. Sasa imeangukia emergency mode, inasubiri `/dev/sdb1`.

mzee_wa_terminali: Hiyo ni fstab, orodha ya diski za kupachika mfumo unapowaka. Kwenye virtio majina ni vda, vdb. Piga `blkid`, chukua UUID (kitambulisho kisichobadilika na jina la diski), andika hiyo badala ya jina. Majina ya sd si ya kuaminika hata kwenye mashine ya kawaida, sijui kwa nini watu bado wanayaandika.

kebo_nyekundu: Imewaka yote. Mtandao tu ndio hakuna.

bi_mtandao: Kadi ilikuwa eno1, sasa nadhani ni enp1s0 au jina jingine, `ip link` itakuonyesha. Fungua faili la ifcfg lililo `/etc/sysconfig/network-scripts`, badilisha DEVICE, na kama kuna HWADDR ifute, ni MAC ya kadi ya zamani. Kisha `nmcli con reload` na `nmcli con up`. Ila chomoa kwanza waya wa mtandao wa ile ya zamani, zisije zikagombania IP moja.

jombi64: Na mwenye mashine ambayo bado hajaihamisha?

mzee_wa_terminali: Akiwa bado huko huko, aandike kwenye faili la .conf ndani ya `/etc/dracut.conf.d`:

`add_drivers+=" virtio_blk virtio_scsi virtio_pci "`

Nafasi za mwanzo na mwisho ndani ya alama za nukuu ni za lazima. Kisha `dracut -f`, ndipo anakili.