Mishahara isipolipwa, wachezaji wetu wagome?

Mtoto wa Temeke: Wakuu, Agosti 2011 raundi ya kwanza ya La Liga, ligi kuu ya Hispania, haikuchezwa. Wachezaji zaidi ya 200 walikuwa wanazidai klabu zao kama yuro milioni 50, chama chao AFE kikaitisha mgomo. Casillas wa Real Madrid na Puyol wa Barcelona, ambao hawakuwa na shida ya mshahara, walikwenda kusimama na wenzao mbele ya waandishi. Kwetu SPUTANZA, chama cha wachezaji, ipo, lakini mchezaji akidai chake anabaki peke yake, na shabiki ndiye wa kwanza kumtukana. Fei Toto wa Yanga tulimwona. Je, na sisi ligi isimame?

Damu ya Jangwani: Fei usimwingize humo, mkuu. Desemba 2022 aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu za kuvunja mkataba uliokuwa bado hai, akaaga. Januari TFF, shirikisho la soka, ikasema ni mchezaji wa Yanga. Huo ni mgomo wa mishahara?

Binti Msimbazi: Katika hizo 112, milioni 12 ni mshahara wa miezi mitatu. Milioni nne kwa mwezi, kiungo wa Taifa Stars! Mkamwita msaliti nusu msimu mzima, mpaka Juni 2023 Rais Samia alipowaomba mmalizane naye, ndipo akaenda Azam.

Damu ya Jangwani: Alisaini mwenyewe, ana akili timamu. Na mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba, asitufundishe sisi Yanga kutunza wachezaji.

Kiungo Mstaafu: Hiyo "alisaini mwenyewe" inaniuma, kijana. Mimi nilisaini juu ya boneti ya gari, usiku, dirisha la usajili linafungwa. Nakala nikaambiwa itanifuata kambini. Niliondoka kwenye ile timu sijawahi kuishika. Mshahara ukichelewa, mhasibu anakuuliza, "Mkataba wako unasemaje?" Ningemjibu nini?

Mwana Gor: Pole sana mzee. Ila mgomo msiutamani. SportPesa, kampuni ya kubeti iliyokuwa inadhamini soka, ilipojitoa 2019, klabu nyingi huku Kenya zilikauka. Sony Sugar ilikosa kufika mechi tatu, ikafukuzwa ligini. Utamgomea nani wakati aliyekuajiri hana kitu? Hispania kulikuwa na pesa za televisheni.

Mtoto wa Temeke: Kaka, na kwetu zipo. Azam Media walisaini 2021 kuonyesha ligi yetu, miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Klabu yenye deni la mishahara isipewe mgawo wake mpaka ilipe. Hilo ndilo dai la kugomea. Na kabla ya mgomo, kanuni ya FIFA ya 2018 ipo: klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili, unaipa notisi ya siku 15, isipolipa unavunja mkataba kihalali.

Damu ya Jangwani: Safi, umejijibu. Kanuni hiyo ni ya asiyelipwa. Fei alikuwa analipwa.

Kiungo Mstaafu: Na notisi unaiandikaje bila nakala ya mkataba? SPUTANZA waanzie hapo: mchezaji asiondoke mezani bila nakala yake.

Binti Msimbazi: Shikamoo mzee, nakuunga mkono. Lakini wa Jangwani bado hajanijibu: milioni nne zilimtosha kiungo yule, ndiyo au hapana?

Damu ya Jangwani: Kwanza wewe taja wa kwenu mlikuwa mnamlipa ngapi.