Mnatabirije nafasi zitakazosajiliwa kabla dirisha halijafunguliwa?

Soweto_Moshi:
Wakuu, habari za jioni. Kijiweni kwetu Soweto hapa Moshi tuna mchezo mmoja. Dirisha la usajili likikaribia, kila mtu anaandika kwenye karatasi nafasi tano ambazo Simba na Yanga watasajili, kisha karatasi zinafungiwa. Tatizo, wote tunanakili tetesi zilezile za mitandaoni, kwa hiyo tunakosa wote kwa pamoja. Nina orodha ya vikosi, mabao na dakika za kila mchezaji. Nianzie wapi ili nihesabu badala ya kubahatisha? Na njia hiyo inafaa kwa timu za Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu? Maana tangu Polisi Tanzania ishuke mwisho wa msimu wa 2022/23, na sisi mashabiki wake wa Uwanja wa Ushirika tumeshuka nayo.

Kalamu ya Kijenge:
Mabao weka pembeni kwanza, ndiyo yanayowapoteza wengi. Chora jedwali lenye safu nne: jina, nafasi, mkataba unaisha lini, mgeni au mzawa. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine bila klabu yake kulipwa. Kwa hiyo dirisha dogo la katikati ya msimu likifunguliwa, pitia wote ambao mikataba yao inaisha mwisho wa msimu. Asiyeongezewa hadi hapo, nafasi yake ihesabu nusu wazi.

Kisha wageni. Kikomo ni 12. Wakubwa wote wawili wanaishi karibu na ukutani, kwa hiyo mgeni mpya maana yake mgeni mwingine anapewa "thank you", yaani anaachwa. Ukisikia tetesi ya wageni watano huku unaona wawili tu wanaoweza kuondoka, tatu ni porojo. Hapo ndipo thamani ya mzawa inapoonekana: Mohamed Hussein "Tshabalala" alipomaliza mkataba Simba na kwenda Yanga mwaka 2025, Yanga walipata beki wa kushoto mzoefu wa timu ya taifa bila kugusa hata nafasi moja ya wageni. Ukiona mzawa wa Taifa Stars mkataba wake unaisha, usiangalie kwanza kama klabu nyingine "inamhitaji". Watamtaka tu.

Dakika zinakuja mwisho. Ligi ina timu 16, mechi 30, yaani dakika 2,700 kwa kila nafasi uwanjani. Chukua beki wa kulia: namba moja amecheza 2,300, zimebaki 400. Nani alizicheza? Kama ni beki wa kati aliyesogezwa pembeni, kuna shimo hata kama timu haikufungwa kupitia huko. Kama ni kijana wa miaka 20 aliyecheza vizuri, hakuna usajili hapo, wataongeza mkataba wake tu.

namba_sita:
Nakubaliana na Kalamu isipokuwa hapo kwenye mabao. Hayatupwi, yanagawanywa upya. Fiston Mayele aliondoka Yanga mwaka 2023 akiwa amefunga 17 kwenye ligi. Kila mtabiri aliandika "namba tisa mpya", na kweli akaja Hafiz Konkoni. Karatasini ni alama kamili. Lakini kocha Nabi naye alikuwa ameondoka, akaja Gamondi, na mabao yakahamia nyuma ya mshambuliaji: Aziz Ki akamaliza mfungaji bora wa 2023/24 kwa mabao 21. Konkoni hakufika mbali, dirisha dogo akaja Joseph Guede.

Kwa hiyo kocha akibadilika, usitumie nafasi za msimu uliopita kama zilivyo. Tazama timu aliyotoka ilipangwaje. Kocha wa mabeki watatu anahitaji mabeki wa kati wanne wa kuaminika na mawinga wanaorudi kukaba. Wa mabeki wanne anaweza kumwacha beki mzuri kabisa bila kosa lolote. Nafasi atakazosajili kocha mpya hata mimi siziandiki kabla ya kumwona kwenye mechi mbili tatu za kirafiki.

Na weka karatasi yako alama ya "ajali". Mwaka 2024 golikipa wa Simba, Ayoub Lakred, aliumia wakati wa maandalizi, akaja Moussa Camara kutoka Horoya. Jedwali lisingekuonyesha hilo. Lingekuonyesha tu kwamba golikipa mgeni akiletwa, anachukua nafasi moja ya wageni.

Sakina Kwanza:
Kuhusu Championship, mkuu, punguza matumaini. Kule mikataba mingi ni mifupi, na ukitengeneza jedwali la Kalamu utakuta karibu kila mtu yuko "wazi". Kwa timu za majeshi kuna tatizo jingine: baadhi ya wachezaji ni waajiriwa wa jeshi lenyewe, hivyo tarehe ya mkataba haikuambii kitu. Huko hesabu umri na dakika tu, kisha nafasi mbili zinazoamua kupanda daraja: golikipa na mshambuliaji. Bajeti ikiwa ndogo, hizo ndizo zinazopewa pesa.

Jambo la kuangalia kwa timu yoyote: klabu iliyofungiwa na FIFA kwa deni la mchezaji wa zamani haiandikishi mpya mpaka ilipe. Ikitangaza majembe sita huku imefungiwa, karatasi yako iandike sifuri hadi upate habari ya malipo.

Soweto_Moshi:
Asanteni sana. Nimechora jedwali, ila wageni wananijia 13 kwa timu moja. Mmoja yuko kwa mkopo nje. Nimtoe?

Kalamu ya Kijenge:
Mtoe kwa sasa, kwa sababu ameandikishwa kule alikokopeshwa. Lakini andika pembeni tarehe mkopo unapoisha. Akirudi anataka nafasi, na hapo ndipo wengi wanaona "usajili wa kushangaza" wa kumwacha mgeni aliyekuwa anacheza. Na kwenye dirisha dogo angalia kitu kimoja zaidi: mchezaji anaweza kuandikishwa na klabu tatu kwa msimu mmoja, lakini mechi rasmi atachezea mbili tu. Aliyekwisha kuzichezea mbili, mfute hata kama tetesi zinamtaja kila siku.

Alama zenu nazo zigawanyeni upya: nafasi sahihi alama 3, mgeni au mzawa alama 2, jina alama 1. Mkiipa jina alama nyingi, mtarudi kwenye tetesi wiki ya kwanza tu.